Kuonja mnazi Malindi: mwongozo kamili, kutoka kwa mgema alfajiri hadi ngoma ya jioni

Mnazi, ile pombe ya utomvu wa mti wa mnazi, una saa zake. Ulioshushwa alfajiri si ule utakaounywa saa kumi na moja jioni, hata kama umetoka mti mmoja na kibuyu kimoja. Wageni wengi wanaofika Malindi huuonja mara moja tu, usiku, katika kikombe cha plastiki, kutoka kwenye mtungi ambao hakuna ajuaye ulishushwa lini. Hukunja uso, husema mnazi ni mchachu, na safari yao inakomea hapo. Hawajasema uongo, maana walichopewa kilikuwa kichachu kweli. Ila wamekutana na mnazi uliozeeka, wakadhani ndivyo ulivyozaliwa.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwapeleka jamaa na marafiki kutoka bara wakaonje, na kila mara nawaambia jambo moja: tutakwenda boma moja, mara mbili, siku moja. Asubuhi tuone ukishushwa na tuonje ukiwa mbichi. Jioni turudi tunywe ule ule ukiwa umekolea, na ngoma ikiwa imeshika moto. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya safari hizo mbili.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Hapa kwetu mnazi ni mti, na ni kinywaji pia. Tembo ni jina lake la zamani, na bado utalisikia kwenye methali. Wagiriama huuita uchi, kwa hiyo bibi kizee akikukaribisha uchi usibabaike, anakupa heshima. Anayepanda na kukata ni mgema, kazi yake ni kugema. Mangwe ni pahali unapouzwa na kunywewa: mara nyingi ni kibanda cha makuti au kivuli cha mwembe, mabenchi ya mbao na sakafu ya udongo uliofagiwa. Dodoma wana mashamba ya zabibu na wanatengeneza mvinyo wao, nao ni mzuri. Pwani hii ya joto na unyevu mwaka mzima haimfai mzabibu. Mti wetu ni huu.

Kuchagua boma

Usianzie hotelini. Ukimuuliza mtu wa mapokezi atakupeleka kwa anayemjua, na huenda huyo ananunua kwa mitungi kutoka mbali. Muulize muuza madafu. Madafu na mnazi hutoka kwenye minazi ya shamba moja, na muuza madafu anamjua mgema kwa jina, anajua anapanda saa ngapi, na anajua kama ni mtu mwaminifu au la. Wanawake wanaouza nazi sokoni nao wanajua yote haya.

Sehemu za karibu na mji ambazo mimi huanza nazo ni Ganda na Msabaha, kisha kuelekea kusini Gede na Mida. Kaskazini, ukivuka daraja la mto Sabaki, kuna Mambrui. Minazi iliyosongamana zaidi iko mbali kusini, Kaloleni na Rabai, lakini kwa mtu aliyelala Malindi hiyo ni safari ya siku nzima, na mpango wa kwenda mara mbili utakushinda.

Ukishapata jina la boma, uliza mambo matatu kabla ya kwenda. Je, mwenye boma anagema mwenyewe au ana mgema wake pale pale? Je, minazi iko hapo kiamboni? Na siku gani kuna ngoma? Jibu la swali la pili ndilo lenye uzito kuliko yote. Kadiri mti ulivyo karibu na kikombe ndivyo utakavyojua unachokunywa.

Ukifika, inua macho. Mnazi unaogemwa unajulikana kwa mbali. Shina lina vidato vilivyochongwa kwa panga, kimoja kushoto kimoja kulia, vikipanda hadi juu. Katikati ya makuti utaona kibuyu kinaning'inia, au siku hizi kijerikeni kilichokatwa shingo. Mnazi huohuo utauona hauna nazi nyingi. Karara (ua la mnazi likiwa bado limefungwa) linalogemwa halizai, kwa hiyo mwenye shamba huamua ni miti ipi ya nazi na ipi ya tembo. Ukiona boma linalodai linagema lakini minazi yote imesheheni nazi na hakuna kibuyu hata kimoja, mnazi wao unatoka kwingine.

Siku na msimu

Jumamosi ndiyo siku bora. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010 iliweka saa za kuuza kwenye baa: siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, wikendi na sikukuu kuanzia saa nane mchana. Leseni zenyewe hutolewa na kaunti. Mangwe yenye leseni huibandika mahali pa kuonekana, na si utovu wa adabu kuiangalia. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuuziwa, na boma lenye watu wa heshima litakuwa kali katika hilo.

Kwa sababu hiyo, asubuhi usiende kama mnunuzi. Nenda kama mgeni aliyekuja kuona kazi. Utaonjeshwa, utatoa shukrani yako kwa mgema, na biashara ya vikombe itasubiri saa zake.

Epuka masika kama unaweza. Kuanzia Aprili hadi Juni shina huwa telezi na kupanda ni hatari. Maji ya mvua huingia kibuyuni, na njia za udongo za Ganda hugeuka matope yanayokwama matairi. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, ni mizuri. Mwezi wa Ramadhani, hata kama boma unalokwenda si la Waislamu, kumbuka kwamba unapita katika mji wenye watu waliofunga. Usinywe njiani, usirudi na chupa mkononi, usipite mitaa ya Shella, mji wa kale wa Malindi, ukiwa umelewa. Hilo la Shella ni la mwaka mzima.

Nani aende nawe? Mtu yeyote. Nina rafiki yangu Muislamu ambaye hajawahi kugusa mnazi na hatagusa, lakini ngoma haimpiti. Huagizia dafu, huketi na wazee, na wao humuwekea dafu la pili kabla hajaliomba. Usimshawishi mtu wa namna hiyo aonje ule wa asubuhi kwa hoja kwamba bado ni mtamu. Mnazi huanza kuchachuka ungali mtini, na mwenye kujizuia amejizuia.

Kuamka na kufika

Mgema hupanda mapema, jua likiwa bado halijashika. Uwe umefika kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Kutoka mjini hadi Ganda au Msabaha tuktuk inatosha. Patana na dereva usiku wa kuamkia, umwambie kabisa kwamba utamhitaji tena jioni na kwamba atakurudisha usiku. Kwenda Gede na Mida, matatu za barabara ya Mombasa zinapita asubuhi hiyo, na kutoka stejini utachukua bodaboda. Usiendeshe gari lako. Nasema hivi bila kupunguza neno, maana barabara ile ni nyembamba, usiku ina waenda kwa miguu na baiskeli zisizo na taa.

Vaa nguo ya kawaida, viatu vya kufunika vidole, na mwanamke abebe leso. Itamfaa kwa kuketi, kwa kujitanda, na jioni kwa kujifunga kiunoni akiitwa kucheza. Beba maji ya kunywa. Beba pesa za noti ndogo ndogo.

Piga hodi, ngoja uitikiwe. Salimia wakubwa kwanza: shikamoo babu, shikamoo bibi, kisha wengine. Jitambulishe kwa jina na ulikotoka, na mtaje aliyekuelekeza. Mara ya kwanza nilipokwenda boma ambalo nimelizoea sasa, mzee mwenye nyumba hakuuliza nataka nini. Aliniuliza, "Mwanangu, wewe ni wa kwa nani?" Tulimaliza ukoo wa baba na wa mama kabla sijaonyeshwa pa kuketi. Ukiwa na haraka, boma la mgema si mahali pako.

Chini ya mnazi

Simama mbali kidogo na shina, usawa wa pembeni, si chini yake. Kuti kavu likianguka linaumiza, nazi ndiyo usiseme. Mgema akiwa juu usimsemeshe, na usimwombe ageuke upate picha nzuri. Amejishika kwa mkono mmoja na miguu, mkono wa pili una kotama.

Kotama ni kisu chake cha kugemea, chenye makali kama wembe, na hakitumiki kwa kazi nyingine yoyote. Omba uonyeshwe akishashuka. Utaona ubapa umeliwa na kunolewa hadi umekuwa mwembamba. Yule mzee hanoi chake mbele ya watu wengi. Hukaa peke yake na jiwe lake, hukipitisha taratibu, kisha hukijaribu kwenye kuti bichi. Kama makali yamebutuka, karara huraruka badala ya kukatika, mishipa yake huziba, na utomvu hukatika siku ile ile.

Kazi yenyewe ni hii. Ua la mnazi huanza likiwa limefungwa ndani ya karara, mfano wa jambia lililo alani. Mgema hulichagua kabla halijapasuka. Hulifunga kwa kamba lisifunguke, hulipigapiga kidogo, hulipinda polepole siku baada ya siku hadi liinamie chini, kisha huikata ncha. Hapo hutundika kibuyu. Kuanzia siku hiyo ni lazima apande asubuhi na jioni, wengine na mchana pia, na kila mara akate kipande chembamba kama ukucha ili kidonda kibaki wazi. Karara moja linaweza kugemwa mwezi mzima na zaidi, likipungua urefu kila siku hadi libaki kisiki. Mnazi mmoja ukiwa na afya hutoa kama lita moja au mbili kwa siku. Sasa hesabu mwenyewe: mtungi wa lita 20 ni minazi kumi na kitu, kila mmoja umepandwa na kushukwa mara mbili au tatu. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akibishana na mgema juu ya shilingi kumi.

Akishuka na kibuyu kiunoni, sogea uangalie ndani. Utaona povu jeupe, nyuki wawili watatu waliozama, vumbi la maua. Ataumimina kupitia kilifu, ule wavu wa nyuzi za kahawia unaoshika shina la kuti changa. Kichujio kimetoka mti ule ule. Sikiliza pia: kinywaji kinachemka chenyewe, kwa sauti ndogo kama mvua juu ya majani.

Hapo uliza kuhusu kibuyu. Kibuyu kilichotumika jana kina mashapo ya chachu, na utomvu unaodondokea humo usiku kucha huamka umeshaanza kuchachuka. Mgema akitaka mtamu hubadilisha chombo, akatundika kilichooshwa vizuri na kukaushwa. Akitaka ukolee haraka, huacha mashapo kidogo. Mgema mzuri atakujibu hili kwa furaha. Hakuna anayemuuliza siku zote.

Vikombe vitatu

Kuonja kwenyewe kunataka vikombe vitatu, na mpangilio usiubadilishe, kutoka mtamu kwenda mkali. Ukianza na mkali, ulimi utakufa ganzi na mtamu utauona maji ya sukari tu.

Kikombe cha kwanza ni cha asubuhi, nusu saa baada ya kushushwa. Rangi yake ni kama maji yaliyooshea mchele. Kabla hujanywa, nusa: kuna harufu ya dafu, na nyuma yake harufu ya mkate unaoumuka. Kunywa kidogo, uache ukae ulimini. Utamu unakuja kwanza, kisha mwasho mdogo wa hewa pembeni mwa ulimi. Usizidishe kikombe kimoja kwenye tumbo tupu. Sukari yake ni nyingi na tumbo lisiloizoea huendesha.

Baada ya hapo ondoka. Waache watu wafanye kazi. Rudi mjini ulale, au kama uko upande wa Gede nenda ukatembee kwenye magofu na msitu wa Arabuko-Sokoke ulio jirani. Kula chakula cha mchana kinachoshibisha. Mambo haya mawili, usingizi na chakula, yatakulinda jioni kuliko ushauri wowote.

Kikombe cha pili ni cha jioni: mnazi ule ule wa asubuhi, ambao sasa una saa kumi hivi. Mwambie mwenye mangwe mapema akuwekee, maana wenyeji wanauwahi. Huu ndio mnazi wenyewe. Sukari imegeuka kileo, kama asilimia 4 au 5, sawa na bia ya kawaida, na kwa kuwa unateremka laini watu husahau. Utamu umebaki kidogo chini, uchachu umeingia, na vyote viwili vinashikana bila mmoja kumshinda mwenzake. Hapa ndipo utakapoelewa kwa nini Wagiriama hawaposi wala hawasuluhishi ugomvi bila uchi kuwekwa katikati. Kinywaji cha saa moja au mbili za maongezi ya upole kinahitaji kuwa hivi.

Omba unywee kwa mrija kutoka kwenye kibuyu, kama wazee. Mrija wa kienyeji una kichujio cha nyuzi chini, na unywaji wake ni wa polepole, huwezi kuumimina kooni kwa pupa. Katika boma nililolizoea, anayekukabidhi kibuyu huonja yeye kwanza mbele yako ili uone kwamba hana nia mbaya. Kisha mzee humwaga matone ardhini, sehemu ya koma, wahenga wa boma. Nyamaza wakati huo. Ukipokea, pokea kwa mkono wa kulia, na ukiwa umeketi.

Kikombe cha tatu ni cha uliolala, wa jana. Onja funda moja. Ni mkali, unauma taya, harufu ya siki imetangulia. Kuna wazee hawataki mwingine ila huu. Mimi siwezi, lakini naupenda kama kipimo, kwa kuwa ukishaujua, hakuna atakayekuuzia wa jana akakwambia ni wa leo.

Methali inasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ni kweli hutokea, na ulimi uliopita vikombe vitatu utaugundua mara moja: mnazi uliotiwa maji hupoteza povu na mwili, hubaki mwembamba mdomoni. Uliotiwa sukari ili kuficha uzee unakuwa mtamu mbele na mchachu nyuma, viwili visivyojuana. Hayo yanaharibu ladha tu. Linalotisha ni mnazi uliochanganywa na pombe kali au kitu kisichojulikana ili ulevye haraka. Ukisikia harufu ya spiriti, au mdomo ukichoma bila uchachu, weka kikombe chini, lipa, ondoka. Niliwahi kuketi mahali pamoja, si mbali na mji, ambapo kikombe kimoja kilinitia kizunguzungu ndani ya dakika chache. Wenzangu wawili waliumwa kichwa siku mbili. Tangu hapo sinywi mahali ambapo sikuuona mti. Na usichanganye mnazi na pombe nyingine yoyote siku hiyo. Mjamzito asinywe, na anayemeza dawa kama Flagyl asinywe.

Agiza chakula mapema: muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, samaki, na kama mama wa boma anapika, wari, yaani ugali, na mtsunga. Mtsunga ni mboga chungu, na uchungu wake juu ya utamu wa mnazi ni jambo ambalo nimelifikiria mara nyingi nikiwa mbali na nyumbani.

Ngoma

Utajua imekaribia ukiona vijana wamewasha makuti makavu na kuzielekeza ngoma kwenye moto. Ngozi hulegea kwa unyevu wa jioni, na joto huikaza. Mpigaji hugonga kwa kidole, husikiliza, hurudisha kwenye moto, hugonga tena. Sogea karibu wakati huu. Wapigaji wana nafasi ya kuongea, na ukiuliza jina la kila ngoma watakuonyesha kubwa inayonguruma chini na ndogo inayokatakata juu yake. Kuna na kayamba, matete yaliyopangwa bapa na kufungwa, mbegu kavu ndani. Likitikiswa hutoa sauti ya mchanga unaokokotwa na wimbi. Upatu, ile sahani ya shaba inayogongwa, ukiwepo, huo ndio utakaokuonyesha mapigo pale ngoma zitakapokuchanganya.

Mmoja hutoa wimbo, wengine huitikia. Usihangaike na maneno mwanzoni, shika kiitikio. Mwimbaji mzuri huwataja waliopo, kwa hiyo usishangae ukisikia jina lako au la mji wako limeingizwa katikati. Cheza kwa mabega. Wageni hukimbilia kiuno kwa sababu wamezoea chakacha ya harusi za mjini, lakini angalia wanawake wazima waliovaa hando, ile sketi ya kienyeji yenye mikunjo mingi: miguu inakwenda hatua fupi, kichwa kimetulia, na mabega ndiyo yanayosema. Ingia pale tu utakapoitwa au leso itakaporushwa upande wako, kaa mwisho wa mstari, mfuate aliye mbele.

Kuhusu kuomba nyimbo, hapa nakuomba uwe mwangalifu. Mwanzele na gonda unaweza kuziulizia. Sengenya ni ya Wadigo na Waduruma wa kusini, usimlaumu Mgiriama wa Ganda kwa kutokuwa nayo. Kifudu usikiombe kabisa: ni cha wafu, kina masharti yake, na kukitaja kwenye meza ya kunywea ni kumkosea mtu aliyezika juzi. Kayamba nayo, mbali na kuwa chombo, ni jina la ngoma ya kutibu pepo, na mgonjwa akichezewa si tamasha. Ukipita usiku mahali panapopigwa ngoma na watu wamekusanyika kwa matanga, usijikaribishe kwa sababu umesikia muziki.

Baadhi ya mangwe za karibu na barabara huleta bendi yenye gitaa na kinanda Jumamosi, na hapo utapata bango, muziki wa pwani uliojulikana zaidi kupitia Mzee Joseph Ngala wa Mombasa. Ni mtamu, unachezeka wawili wawili, na ukikutana nao usiukimbie. Ila kama una usiku mmoja tu, tafuta ngoma ya moto.

Tuza. Kutuza si malipo ya kiingilio. Inuka wimbo ukiwa umekolea, nenda ukicheza, weka noti mbele ya ngoma au mkononi mwa mwimbaji, rudi ukicheza. Noti ndogo mara tatu ni bora kuliko kubwa mara moja, kwa sababu kila unapoinuka wimbo unapata nguvu mpya.

Malipo na picha

Bei ya mnazi patana kabla, kwa lita au kwa kibuyu, na ulipe mwenye mangwe. Mgema wa asubuhi mpe chake mkononi, mbali na macho ya watu. Kikundi cha ngoma kilichoitwa kwa ajili yako kina mkubwa wake, naye ndiye wa kupatana naye, asubuhi, si usiku wa manane watu wakiwa wamechoka.

Picha omba kwa kila mtu. Na kama pembeni mwa boma utaona nguzo za mbao zilizochongwa, zimesimama peke yake kama watu wembamba, hizo ni vigango, zimewekwa kwa ajili ya wazee waliofariki wa chama cha Gohu. Usiguse, usizipige picha bila ruhusa ya mwenye boma, na mtu akikunong'oneza kwamba anaweza kukuuzia kimoja, mkatalie palepale. Vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo. 2007 viwili vilirudishwa kutoka majumba ya makumbusho ya Marekani, na familia iliyoibiwa ilikuwa imevilia kwa miaka.

Kubeba nyumbani

Aga wakubwa uliowasalimia asubuhi, kwa mpangilio ule ule. Dereva wako awe ameshafika kabla ya saa nne.

Ukitaka kubeba mnazi, omba ule ulioshushwa jioni, uchujwe tena, utiwe kwenye chupa safi isiyojaa: acha robo ya juu wazi. Kifuniko usikikaze. Mimi niliwahi kukaza chupa ya lita mbili, nikaiweka kwenye mkoba na kupanda matatu ya Mombasa. Kabla ya Kilifi kifuniko kilifyatuka, na mama aliyeketi kando yangu alilowa kanga na kitabu cha shule cha mwanawe. Mnazi hauachi kuchachuka kwa sababu umefungwa, na hewa yake ni lazima ipate njia. Chombo kiwe cha plastiki au cha glasi, si cha bati, na kisimame wima.

Friji huupunguzia mwendo lakini haiusimamishi. Kesho yake utakuwa bado unanyweka, keshokutwa utakuwa umeukaribia ule wa kikombe cha tatu. Usiumwage. Ufunike kwa kitambaa chembamba, uweke jikoni mahali penye kivuli, uusahau wiki kadhaa. Utapata siki ya mnazi, nyeupe, laini kuliko ya dukani. Kijiko kimoja juu ya kachumbari, au juu ya changu wa kuchoma akiwa bado moto.